Mstari Niliouacha Wazi

Dodoso letu la vifo lilikuwa na swali moja nililoliona jepesi kuliko yote: mahali alipofia marehemu. Chini yake kulikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama. Nyumbani, zahanati au hospitali, njiani, kwingineko. Baada ya neno kwingineko palikuwa na mstari mtupu na agizo la neno moja: eleza. Maswali mengine yalinitoa jasho. Hili nililijibu huku nikifunua ukurasa unaofuata, na ule mstari sikuujaza hata mara moja kwa miaka yote niliyozunguka vijijini.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimeajiriwa na mradi wa utafiti wa afya pale Ifakara, nina baiskeli ya ofisi na begi la turubai. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye nyumba zilizofiwa, baada ya arobaini kupita, na kumuuliza aliyemuuguza marehemu jinsi ugonjwa ulivyoanza, ulivyoendelea na ulivyoisha. Wengi wa marehemu wetu hawakuwahi kuonwa na daktari, kwa hiyo maneno ya waliowauguza ndiyo yaliyotumika kukisia kilichowaua. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nasema hivyo bila kuona haya, maana mengine nitakayoyasema yana haya ya kutosha.

Sisi watu wa bonde la Kilombero tuna makazi mawili kwa mwaka. Mvua zikikaribia, mwenye shamba la mbali anafunga nyumba ya kijijini. Wanafunzi wanaachwa kwa bibi yao, na wadogo ambao hawajaanza shule wanabebwa kwenda shambani pamoja na masufuria na chandarua. Huko familia inakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji na nguruwe pori wapite chini, mpaka mpunga uvunwe. Mimi mwenyewe nilijifunza kutembea kwenye sakafu ya dungu, mama akiwa amenifunga kamba kiunoni nisije nikadondoka. Hata leo nikisikia debe likigongwa, kwanza nawafikiria ndege wa mpunga, ndipo nageuka kuangalia ni nani anayegonga.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ilikuwa kwenye kijiji nitakachokiita Idete. Nilifika watu wakiwa wamerudi kutoka mashambani, mpunga umeanikwa kwenye maturubai mbele ya kila mlango. Mama mwenye msiba alikuwa wa rika langu. Aliyekufa ni binti yake wa kwanza, wa miaka minne. Nikampa pole, nikamsomea fomu ya ridhaa, akasikiliza yote bila kunikatiza. Nilipotoa kalamu akaiangalia sana.

"Dada, haya unayoandika unayapeleka wapi?"

"Ofisini, Ifakara. Jina lako linaondolewa, halafu yanafungiwa kabatini. Hakuna atakayejua ni wewe."

"Na wakija wenzako kuuliza?"

"Hawatakuja. Ukishasema mara moja inatosha."

Fomu ya ridhaa haikuwa na ahadi hiyo. Niliiongeza mwenyewe, nusu kwa huruma, nusu kwa kujifanya mjuzi wa mambo yasiyokuwa mikononi mwangu. Yeye aliipokea kama ilivyo. Akasema, "Basi ngoja niseme vizuri, maana nasema mara moja."

Na kweli alisema vizuri, nami nikiandika masimulizi yake nyuma ya dodoso. Alipogundua amechanganya siku alirudi nyuma akaanza upya. Homa ilianza siku ya tatu ya mvua kubwa. Baba wa mtoto alitoka kwenda kutafuta mtumbwi, akakuta mto umefura na wenye mitumbwi wamehamia upande wa pili. Akashinda ukingoni akiita. Mama alibaki dunguni na mtoto, akimpangusa kwa kitambaa cha maji. Kesho yake, kabla jua halijafika utosini, mtoto akakata roho, na baba yake hajarudi.

Nilifuata maswali yangu kama nilivyofundishwa. Je, alipata degedege? Hapana. Je, alitapika? Ndiyo. Je, alichanganyikiwa au kuongea maneno yasiyoeleweka? Hapo mama alisita. "Asubuhi ile alikuwa anawaamkia ndege," akasema. "Shikamoo, shikamoo." Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Nikauliza walikuwa wapi. Akanijibu, "Si huko huko shambani!" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama mvua hulowesha. Shambani si nyumbani, wala si njiani. Nikaweka alama kwenye kwingineko na kuendelea. Nieleze nini tena? Nani asiyejua shamba ni nini? Sote tuliokuwa tunazunguka na baiskeli, wa Mkula, wa Sanje, wa wapi, tulikuwa watoto wa wakulima wa mpunga, na sote tuliuacha mstari ule vilevile. Mgeni angeuliza, akaandika. Sisi hatukuona cha kuandika.

Miaka ikaenda. Nikapandishwa, nikaingizwa ofisini kuwa karani wa takwimu. Alama za visanduku ziliingizwa kwenye kompyuta, masimulizi yakabaki karatasini, majina yakabadilishwa kuwa namba, karatasi zikafungiwa kwenye kabati la chuma. Data za aina hiyo haziwekwi hadharani. Ni lazima mtu anayezitaka aombe, aeleze anazitakia nini, kamati ya maadili ikae, ikubali. Nililipenda kabati lile. Ufunguo nilikuwa naushika mimi, na kila nilipoufunga mlango wake niliona nawatunzia siri akina mama wote wale walionifungulia milango yao. Jambo ambalo halikunijia akilini ni kwamba ili mtu aombe, ni lazima kwanza ajue kitu kipo. Sisi hatukumwambia mtu. Mradi ule ulipoisha, mabosi wake wakaondoka na ripoti yao ya mwisho, mimi nikabaki kwenye taasisi, na kabati likabaki na namba yake ya ofisi ubavuni, basi.

Miaka zaidi ya kumi baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa daktari mmoja mwanamke aliyekuwa anaandaa utafiti bondeni kwetu. Alitaka kujua kama tunazo taarifa zozote za watoto wanaofariki wakiwa na wazazi wao mashambani wakati wa masika, mbali na zahanati. Alisema kama zipo, asingependa kuwasumbua watu upya. Nakumbuka sentensi hiyo kwa sababu baadaye niliirudia kuisoma mara nyingi.

Nikafungua kompyuta, nikatafuta neno shamba. Hakuna. Nikatafuta dungu. Hakuna. Nikamwandikia, kwa heshima zote, kwamba kwa masikitiko hatuna taarifa za aina hiyo. Kazi yote hiyo niliimaliza chai yangu ikiwa bado ya moto.

Mtu ataniuliza, ulisahauje? Sikusahau. Ungeniuliza njiani, watoto wangapi uliowaandika walifia madunguni, ningekaa chini nikakusimulia. Lakini yule daktari hakuniuliza njiani, aliniuliza ofisini, na ofisini nilikuwa nimeshazoea kwamba kisichotokea kwenye kioo cha kompyuta hakipo. Ni ujinga wa msomi, na siutafutii jina zuri zaidi.

Daktari akaanza utafiti wake. Akaomba mwenyeji wa kumpeleka vijijini, na mkuu wetu wa kitengo akanichagua mimi, eti kwa sababu nazijua njia. Idete, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ametuandikia akina mama waliowahi kufiwa na watoto mashambani. Kwenye orodha yake hapakuwa na jina hata moja lililonishtua. Tukafika kwenye nyumba ya tatu, bati jipya, ukuta wa tofali za kuchoma, mama amekaa kibarazani anapeta mchele. Nilijua ni yeye kabla hajainua uso. Nikajua pia kwa nini orodha haikunionya. Zamani majirani walimwita mama fulani, kwa jina la yule binti. Sasa aliitwa kwa jina la mtoto wake wa pili.

Daktari akamsalimia kwa adabu, akajitambulisha, akaanza kueleza kilichotuleta huku kishikwambi kikiwa tayari mapajani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, wewe si ndiye uliyekuja na baiskeli?"

"Ndiye mimi."

"Uliniambia nitasema mara moja."

Akamwangalia daktari, akanyoosha kidole upande wangu, bila ukali wowote. "Huyu anayo yote. Mimi nilimpa. Muulize yeye."

Daktari akaniangalia. Nikaangalia ungo.

"Au mliyapoteza?" mama akaniuliza.

"Hapana. Yapo."

"Sasa kama yapo?"

Nimewahi kusemwa maishani, tena na watu wanaojua kusema. Mama mkwe wangu wa zamani aliweza kunisema tangu asubuhi mpaka ugali wa jioni. Lakini hakuna aliyewahi kunifikia kama maneno yale matatu. Ungenipa shimo ningeingia. Daktari alizima kishikwambi chake, akamwomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Na yule mama, badala ya kutufukuza, aliingia ndani akatutolea karanga za kuchemsha. Tulizila kwa sababu kukataa kungekuwa kumwongezea jeraha.

Kwenye gari daktari akaniambia, "Dada yangu, uliniandikia kwamba hamna."

"Niliandika hivyo."

"Na yapo?"

"Yapo."

Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Ni mzee mwema, karibu astaafu, na anaogopa sana barua zenye mhuri. Nikamwambia nataka yale madodoso ya zamani yasomwe upya na yawekewe maelezo, na maelezo hayo yawekwe kwenye tovuti yetu kila mtu ayaone.

"Zile ni data za siri, binti yangu. Unataka kunifunga?"

"Mzee, simfungulii mtu mlango. Nataka kuandika mlangoni kilichomo ndani."

"Zimekaa miaka yote bila maelezo, nani amedhurika?"

Hapo nikapandisha sauti, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake halifai, na nilimwomba radhi baadaye. Nilimwambia kuna mama Idete amefukuliwa kaburi la mtoto wake mara mbili kwa sababu yetu. Nilimwambia jikoni kwa mama yangu kulikuwa na makopo sita yanayofanana, hayana alama, na siku mama alipolazwa hospitali tulikunywa uji wa chumvi huku sukari ipo. Hakucheka. Akavua miwani, akaniambia niandike ombi kwa kamati, yeye atasaini.

Kamati ilichukua wiki kadhaa na ilikuwa na haki ya kuzichukua. Waliporidhia nikaanza. Kila dodoso lenye alama kwenye kwingineko nililitoa, nikasoma masimulizi nyuma yake, nikaona mahali pa kweli ni wapi. Shambani, dunguni. Shambani, chini ya turubai. Kwenye mtumbwi. Shambani. Shambani. Mwandiko mwingi ulikuwa wangu. Kuna siku nilisoma mpaka nikashindwa kuona, nikaenda msalani nikanawa uso, nikarudi. Wenzangu walidhani ni vumbi la karatasi, nami nikaliacha vumbi libebe lawama. Tuliwaficha hawa watoto vizuri mno, nilijisemea. Tulikuwa tumewaficha hata wasionwe na wale waliowatafuta kwa nia njema.

Majibu ya asili hayaguswi. Ndiyo sheria ya kazi yetu, na ni sheria nzuri, kwa hiyo alama zangu za ujana ziliachwa kama zilivyo. Nilichofanya ni kuongeza safu mpya pembeni inayosema kama kifo kilitokea kwenye makazi ya shambani wakati wa msimu wa kilimo. Kisha nikaandika yale maelezo ya kuwekwa hadharani. Nilieleza ni masimulizi ya aina gani, yalikusanywa vipi, maswali yake ni yapi, mtu akitafuta neno gani yatatokea, aombe wapi, amwandikie nani. Nikaeleza dungu ni nini na kwa nini watu hukaa huko, kana kwamba namweleza mtu asiyewahi kuuona mpunga. Aya ile ilinipa taabu kuliko zote. Ni ngumu kueleza kitu ambacho umezaliwa ndani yake.

Mwanzo niliandika majina ya vijiji. Halafu nikafikiri, kwenye kijiji kidogo, mtoto wa umri ule, msimu ule, jirani yeyote angeweza kumjua. Nikavifuta, Idete ikiwemo. Nikaandika bonde la Kilombero peke yake. Ndivyo kazi hii ilivyo. Unamtangaza mtu na kumficha kwa mkono uleule.

Daktari alikuwa wa kwanza kuomba. Akapewa, akasoma, akaniandikia kwamba mengi aliyotaka kuuliza yamo, na kwamba ataacha kuwahoji akina mama wa zamani, atauliza tu habari za usafiri na mitumbwi kwa watu wasio na msiba. Nikaichapa barua ile, nikaikunja mara nne, nikaiweka kwenye mkoba. Nikapanda pikipiki mpaka Idete. Hakuna aliyenituma.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika kambale juu ya bati. Safari hii hakuonyesha mshangao. Akanipa kigoda. Nikamweleza yote, nikianzia kwenye ule mstari niliouacha wazi, kwamba kosa lilikuwa langu na si la yule daktari. Nikamwambia limerekebishwa. Anayetaka kujua atasoma alichosema mwaka ule, bila kujua aliyesema ni nani. Hakuna mtu atakayekuja tena kumuuliza.

Aliendelea kugeuza samaki. Nilikuwa nimetegemea aseme afadhali, au asante, au walau aniseme. Aligeuza wa mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Kwa hiyo hakuna atakayekuja kuniuliza habari zake tena?"

"Hakuna."

"Mh."

Akakaa kwenye kizingiti. Akasema mume wake hamtaji binti yao, tangu siku ile ya mtoni. Wadogo zake waliozaliwa baadaye hawamjui. Majirani walianza kumwita yeye kwa jina la mtoto wa pili kwa kumwonea huruma, wasimtoneshe, na alielewa. "Lakini sasa lile jina halisemwi na mtu," akasema. "Wewe uliniuliza siku moja. Yule mwenzako akataka kuniuliza. Basi."

Nilikuwa nimempelekea amani ambayo hakuiomba. Alichoniuliza miaka ile ni kama wengine watakuja, na mimi nikaamua peke yangu kwamba anaogopa wasije.

Sikujua la kufanya, nikafanya lililokuwa karibu. Nikamuuliza mtoto alikuwa anapenda nini. Dodoso letu lilikuwa na maswali kurasa na kurasa, na hilo halikuwemo.

Uso ukamfunguka. Alipenda pepeta, akasema, mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa bapa, alikuwa anaujaza mfukoni mpaka gauni linaning'inia upande. Alipenda kugonga debe kufukuza ndege, ila alikuwa amefundishwa na bibi yake kwamba anayemkuta mtu humwamkia kwanza. Basi kila asubuhi alisimama ukingoni mwa dungu, mama amemshika gauni kwa nyuma, anawaamkia ndege wote waliotua kwenye mpunga. Shikamoo, shikamoo. Ndipo anagonga debe, na wenyewe wanaruka. Baba yake alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

"Kila asubuhi?" nikauliza.

"Kila asubuhi. Hata ile ya mwisho. Hakuwa amechanganyikiwa, dada. Nilikuona ulivyoandika. Ndivyo alivyokuwa."

Nilibaki nimeshika kigoda kwa mikono miwili. Ile alama ya Ndiyo ipo kabatini, kwa mkono wangu, na haiguswi.

Akaniuliza mbona siandiki. Nikamwambia haya si ya ofisini. "Hata kama," akasema, "andika. Mimi nikifa nani atajua?" Kisha akanitajia jina la binti yake, la kwanza na la ukoo, akalirudia polepole akihakikisha nimelishika, kama mzazi anavyomtajia mwalimu siku ya kuandikisha darasa la kwanza.

Nimeandika kama alivyotaka. Debe, pepeta, ndege, vyote nimeviandika hapa. Jina lake sikuliandika, maana nilimwahidi mama kwamba hakuna atakayejua ni yeye; hilo nalitamka kwa mdomo.